Mkono Uko Saa Ngapi?

Wapitao asubuhi na mapema nje kidogo ya mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, upande wa kuelekea ziwani, aghalabu humwona mzee mmoja amesimama peke yake katika kiwanja cha nyasi. Miguu ameikaribisha, kichwa amekiinamisha, na mikononi ameshika fimbo ya chuma yenye kichwa kilicholala chali mfano wa upawa. Mbele yake, kwa umbali anaoujua yeye, huwapo ndoo kuukuu ya plastiki. Mzee hupiga mpira mdogo mweupe, mpira ukapaa, ukaanguka. Naye huufuata kwa hatua za kuhesabu, akainama, akaandika namba katika daftari la shule, kisha akarudi alipotoka. Hapo kwanza watoto wa mtaa walidhani amerukwa na akili. Sasa wamemzoea, na humwita kwa cheo alichostaafu nacho jeshini: Ajida.

Mchezo wenyewe ni gofu, lakini si gofu ile ya kwenye picha, yenye mashimo 18 na mfuko wa fimbo 14 ambazo sheria inaruhusu. Ajida ana fimbo moja tu, na mipira 22, mingine ikiwa imechubuka kama viazi. Kiwanja chake hakizidi mita 60 kwa urefu. Kwa hiyo mapigo yale marefu ya kushangiliwa na watu hayamhusu. Yeye hushughulika na jambo moja ambalo hata mabingwa hulihesabu kuwa gumu: kuufikisha mpira mahali palipo karibu, usipungue wala usizidi.

Fimbo na asili yake

Baada ya kustaafu, Ajida aliajiriwa kuwa zamu, kama walinzi wa nyumba wanavyoitwa Bujumbura, katika nyumba ya mgeni mmoja mzee huko Kiriri, mlimani juu ya mji. Mgeni yule alikuwa na desturi ya kupiga mipira bustanini kila jioni, na Ajida alikuwa na desturi ya kuiokota katika maua. Mkataba wa mgeni ulipokwisha, alimwachia mlinzi wake fimbo ile na mipira iliyobaki, wakapeana mikono, akaenda zake.

Fimbo za namna hiyo huitwa weji, yaani kabari, kwa sababu uso wake umelazwa sana hata huingia chini ya mpira na kuuinua. Ile ya Ajida imechongwa namba 56, maana yake uso wake umelala kwa nyuzi 56. Kadiri uso unavyolala, ndivyo mpira unavyopanda juu na kuanguka karibu. Aina hii ilipata sifa mwaka 1932, pale Mmarekani Gene Sarazen alipoongeza lehemu chini ya kichwa cha fimbo yake ili iteleze mchangani badala ya kuzama. Mwaka huo huo alishinda mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza, na tangu hapo hakuna mchezaji wa maana asiyebeba fimbo ya namna hiyo.

Ajida aliielewa fimbo ile upesi kuliko watu wengi, kwa sababu ya kazi yake ya zamani. Miaka mingi alitumikia katika kikosi cha mota. Askari wa mota hana nafasi ya kuambiwa "piga kidogo". Amepewa mambo mawili tu ya kupimia umbali: pembe ya mtutu, na kiasi cha baruti kinachofungwa kwenye mkia wa kombora. Baruti ikiongezwa, kombora huenda mbali. Mtutu ukiinuliwa zaidi kuelekea mbinguni, kombora hupanda sana na kuanguka karibu. Lakini hayo yote hupimwa kabla. Hakuna kombora lililowahi kupunguza mwendo njiani kwa huruma. Likishatoka, limetoka.

Hata hivyo, kuelewa si kuweza. Wiki ya kwanza kiwanjani Ajida aliona aibu mbele ya nafsi yake. Alipoweka ndoo kwenye hatua 40, mpira wa kwanza uliipita mbali, ukaingia katika magugu. Akakusudia kupunguza nguvu. Akainua fimbo juu kama kawaida, kisha akiwa anaishusha akakumbuka kwamba ndoo i karibu, akaizuia mikono katikati ya njia. Kichwa cha fimbo kikachimba ardhi, mpira ukajongea hatua tano. Wa tatu ukaipita ndoo tena. Wa nne ukachimba tena. Yeyote aliyejaribu mchezo huu anayajua maradhi hayo: mtu huinua kwa ujasiri, akashusha kwa hofu.

Saa ya mkono wa kushoto

Ndipo alipokumbuka maneno ya yule mgeni wa Kiriri, ambayo zamani aliyasikia bila kuyatia maanani. Mgeni alisema kwamba mchezaji ajifikirie kuwa ni saa kubwa ya ukutani, inayotazamwa na mtu aliyesimama mbele yake. Kichwa kipo kwenye 12, miguu ipo kwenye 6, na mkono wa kushoto ndio mshale. Mchezaji haongezi wala hapunguzi ukali wa pigo kwa makusudi; huchagua tu mshale ufike wapi wakati wa kuinua. Kisha huuacha ushuke kwa mwendo wake wa asili, upite mpira, umalizie upande wa pili bila kusita. Fundisho hilo lilienezwa sana na Mmarekani Dave Pelz, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya anga kabla hajageuka kuwa mwalimu wa gofu, naye alikitolea kitabu mwaka 1999. Mgeni alitaja vituo vitatu: 7 na nusu, 9, na 10 na nusu.

Ajida, kama Mswahili yeyote, alipata shida kidogo na namba hizo, kwani mshale ukiwa kwenye 9 kwake yeye si saa tisa, bali ni saa tatu. Akazitafsiri kwa lugha yake, na zikamkaa kichwani. Saa moja na nusu: mkono umeinuka kidogo tu, chini ya kiuno. Saa tatu: mkono umenyooka sambamba na ardhi. Saa nne na nusu: mkono umepanda juu ya bega. Na saa sita, mkono ukielekea mbinguni, ni pigo la nguvu zote, ambalo katika kiwanja kile halina nafasi.

Akaanza kupima kama alivyofundishwa kazini. Mipira yote 22 kwa saa moja na nusu, kisha yote kwa saa tatu, kisha yote kwa saa nne na nusu. Hatua yake ni sentimita 75, basi hatua nne ni mita tatu. Kila mpira alipima mahali ulipoangukia, kisha mahali uliposimama, maana ni vitu viwili mbalimbali, na mtu asiyevitenganisha hujidanganya. Mipira miwili mirefu kupita kiasi na miwili mifupi kupita kiasi aliiacha, akachukua wastani wa iliyosalia. Baada ya mwezi mmoja daftari lilisema hivi: saa moja na nusu, mita 20, saa tatu, mita 35, saa nne na nusu, mita 50. Kwa umbali wa katikati alijifunza kushika fimbo chini kidogo ya mahali pa kawaida, upana wa vidole viwili, na mpira ukapungua mita chache bila kubadili saa.

Alijifunza pia kwamba daftari peke yake halitoshi. Nyasi zikiwa na umande, maji huingia kati ya uso wa fimbo na mpira, mpira ukakosa kuzunguka, na ukianguka haushiki ardhi bali huteleza mbele. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, ardhi huwa ngumu kama sakafu, na mpira hudunda. Mchana upepo hutoka Ziwa Tanganyika kuelekea nchi kavu, na mpira uliopaa juu huwa mtumwa wa upepo. Hata urefu wa mahali juu ya bahari una sehemu yake. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikipungua uzito mpira huenda mbali zaidi kuliko Mombasa, ingawa katika mapigo mafupi tofauti hiyo ni ndogo. Askari anayelenga shabaha huyajua mambo hayo kwa majina mengine.

Wapo waliomcheka kwamba anaiga starehe ya matajiri. Ajida hakubishana nao. Dar es Salaam, jeshi la Tanzania lina uwanja wake wa gofu pale Lugalo. Baba yake Tiger Woods, aliyemfundisha mwanawe tangu utotoni, alikuwa afisa wa jeshi la Marekani, naye aliushika mchezo huo akiwa mtu mzima aliyepita miaka 40. Fimbo moja, ndoo moja na subira havimfilisi mtu.

Mjukuu na kioo cha fundi

Likizo kubwa ilipofika, mjukuu wake wa miaka 11 aliletwa kutoka Gitega. Kuletwa kwenyewe kulikuwa na uzito ambao majirani waliufahamu. Baba wa mtoto huyo, mwana wa kwanza wa Ajida, ni askari polisi. Alipokuwa na miaka 17 alichelewa kurudi nyumbani usiku mmoja, na baba yake, aliyekuwa amengoja mlangoni kwa hofu ya hali ya mji wakati ule, alimpokea kwa kofi. Halikuwa kofi la kuonya. Lilikuwa kofi la nguvu zote. Kijana alianguka kwenye kizingiti, nyusi ikapasuka, na kovu lingalipo hadi leo. Asubuhi aliondoka kwenda kwa mjomba wake. Tangu hapo aliwaheshimu wazazi wake, akawatumia fedha, akaja kwenye misiba na harusi, lakini hakulala tena chini ya dari ya baba yake. Gitega na Bujumbura ni mwendo wa kilomita zipatazo 100 tu, na miaka mingi ilipita hivyo.

Basi mtoto kuachwa kwa babu kwa likizo nzima lilikuwa jambo jipya, lililopatikana kwa subira ya bibi yake. Mtoto alifuata babu kiwanjani kila asubuhi. Zile saa alizikariri upesi kwa njia yake: saa moja na nusu ni kengele ya shule, saa tatu ni chai, saa nne na nusu ni mapumziko. Bibi naye, aliyekuwa akiwaletea uji, alizisikia hata akazijua bila kufundishwa.

Siku moja mchana, Ajida amelala kidogo, mtoto alichukua fimbo akaenda kiwanjani peke yake. Akataka kujua saa sita ikoje. Mpira wa gofu kwa sheria hauzidi gramu 45.93, lakini ukiruka kwa nguvu zote ni kama jiwe la teo. Ulivuka kiwanja chote, ukapiga kioo cha kibanda cha fundi cherehani, ukavunja kioo na kumkosa mteja kwa upana wa kiganja. Fundi akamleta mtoto nyumbani amemshika mkono, na mpira amemshikisha mkononi kama ushahidi.

Fundi alipokwisha kueleza na kuondoka, uani walibaki watatu: mzee, mtoto, na bibi aliyekuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Ajida alikuwa ametoka usingizini. Alisikia neno "kioo" na neno "mteja", na damu ikampanda. Mkono wake wa kulia ukainuka. Ukapita kiuno, ukapita bega. Mtoto hakukimbia. Alisimama, akafumba macho, akageuza uso kidogo upande, kwa namna ile ile aliyogeuza baba yake usiku ule wa zamani.

Bibi hakuinuka wala hakupaza sauti. Alisema tu, macho yake yakiwa juu ya dagaa:

"Baba watoto, mkono huo uko saa ngapi?"

Ajida alisimama vile alivyo. Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta wanasema alikaa hivyo kitambo, kama mtu aliyepigwa picha. Kisha mkono ukashuka pole pole, haukumgusa mtu. Akakaa kwenye kigoda, akaomba maji.

Alipokwisha kunywa alimwita mtoto, akamwambia fimbo haitashikwa tena wiki nzima, na kwamba wote wawili wangekwenda kwa fundi kulipa. Siku ya pili alichukua fedha katika pensheni yake, akanunua kioo, akakitia yeye mwenyewe, mtoto akimshikia misumari na gundi. Wiki nzima mtoto alifagia kibanda cha fundi kila jioni. Adhabu hiyo ilikuwa na kipimo, na ilifika pale ilipokusudiwa.

Baadaye, akizungumza na wazee wenzake barazani, Ajida alisema neno ambalo wengi wamelishika. Alisema kwamba maisha yake yote watu walimshauri ajizuie akiwa na hasira, naye alijaribu, akashindwa, kwa sababu alijaribu kujizuia wakati mkono umekwisha kufika juu. Ni sawa na kuinua fimbo hadi saa sita kisha kutaka kuizuia njiani: ama utachimba ardhi, ama utavunja kioo. Kipimo hakiko katika kushusha. Kipimo kiko katika kuinua. Mtu na aamue mapema mkono wake utafika wapi, na sauti yake, na maneno yake. Kisha asemalo aliseme mpaka mwisho bila kusitasita.

Ndugu msomaji mwenye nyumba, hasa wewe uvaaye sare, shauri hilo linakuhusu. Kazini umefundishwa kutumia nguvu, na pengine nguvu zako ndizo zilizokuokoa wewe na wenzako. Nyumbani umbali ni mfupi. Mtoto yuko hatua tatu kutoka ulipo, na mke yuko hatua mbili. Pigo lililopimwa kwa mita 150 halifai kwa mita tatu, hata likipigwa kwa nia njema.

Mwana anarudi

Likizo ilipokwisha, baba wa mtoto alikuja kumchukua. Alifika alasiri, akakusudia kurudi Gitega kwa gari la mwisho la jioni, kama ilivyokuwa desturi yake. Mtoto alimpokea kwa habari zote kwa pumzi moja: saa moja na nusu, saa tatu, kioo, fundi, mkono wa babu ulioinuka na swali la bibi. Baba yake alisikiliza kimya. Kisha akasema anataka kuiona fimbo hiyo.

Wakaenda kiwanjani watatu, jua likielekea kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Askari polisi yule ni mtu wa kifua kipana. Mpira wake wa kwanza uliipita ndoo mbali sana, mtoto akacheka. Ajida hakumcheka. Alimkaribia, akaushika mkono wa kushoto wa mwanawe, akauinua taratibu mpaka ukawa sambamba na ardhi, akamwambia, "Hapa. Saa tatu. Usipite hapa. Kisha usiogope."

Mpira ukapaa, ukaanguka hatua chache baada ya ndoo. Wa pili ukakaribia zaidi. Mzee alibaki karibu naye, macho ameyaelekeza kwenye ndoo, akasema kwa sauti ya chini:

"Siku ile mkono wangu ulikuwa saa sita."

Mwana alinyamaza. Aliweka mpira mwingine kwenye nyasi, akauweka vizuri kwa ncha ya kiatu.

"Saa sita kamili, Baba," alisema. "Nakumbuka."

"Haikustahili hata saa moja na nusu."

"Ndiyo, Baba."

Hawakuongeza neno. Mwana akapiga, mtoto akakimbia kuhesabu hatua, na mzee akafungua daftari. Katika ukurasa mpya aliandika juu, "Mwanangu", na chini yake akaweka wastani kwa mita: saa moja na nusu, 24, saa tatu, 42. Mbele ya saa nne na nusu hakuandika kitu, kwa sababu giza lilikwisha kuingia na mipira haikuonekana tena. Gari la mwisho la Gitega nalo lilikuwa limekwisha kuondoka. Bibi alitandika kitanda katika chumba cha mbele bila kumwuliza mtu, na usiku ule watu watatu wa vizazi vitatu walilala chini ya dari moja.

Asubuhi mwana na mjukuu waliondoka kwa gari la kwanza. Ajida alirudi kiwanjani na ndoo yake. Nafasi ya saa nne na nusu katika daftari ingali wazi, naye ameikataza kalamu yake isiiguse mpaka likizo ijayo.